Unga Mweusi wa Mama Shaba

Jua la asubuhi lilipoingia maabara, lilipenya chupa zilizopangwa dirishani, zenye maji ya buluu ya shaba, likamwaga ukutani mawimbi yasiyolowesha kitu. Chini ya mawimbi hayo aliketi mtafiti mmoja aliyeitwa Mama Shaba. Jina hilo alipewa kwa kejeli, naye akalivaa kama vazi lililomkaa vyema.

Kwa miaka minne alikuwa akitafuta unga wa kuvunja makali ya kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye moto uliokosa hewa ya kutosha. Mdogo wake, askari wa zimamoto, aliwahi kuivuta katika ghala lililofuka moshi. Alipona, na kazini akarudi, lakini tangu siku ile majina ya vitu yalimponyoka. Mara nyingi alishika kijiko, akingoja neno lije.

“Haikuniuma, dada,” alimwambia. “Ilikuwa kama usingizi wa mchana. Mtu anakuita kwa mbali, nawe unaona uvivu kuitika.”

Maneno hayo yalimganda Mama Shaba rohoni. Kila alipofumba macho alijiona kwenye ukumbi mrefu, watu wameegemea ukuta wakitabasamu katika usingizi, naye anawaita wala sauti haitoki.

Mkuu wa maabara, ambaye kila mtu alimwita Profesa, alikuwa mtu muungwana ila mgumu wa shingo. Imani yake yote aliiweka kwenye platinamu, metali ghali aliyoifungia kabatini kama mboni ya jicho. Aliwaeleza wanafunzi wake kwamba kichocheo ni mshenga: huikutanisha sumu na oksijeni, zikaungana kuwa hewa ile ile tunayoitoa puani, naye mshenga akabaki alivyokuwa, tayari kwa posa nyingine.

“Sasa kwa posa ya heshima kama hii,” aliuliza, “nani atamtuma shaba? Shaba ni ya sufuria na nyaya.”

Wanafunzi walicheka. Mama Shaba naye alicheka, ingawa moyo ulimwaka.

Aliendelea kuchanganya shaba na metali iitwayo manganizi, akachuja, akakausha, akachoma tanuruni, hata akapata unga mweusi tititi. Ulifanya kazi kwa saa moja bila kupashwa moto, kisha ukazimika. Miezi saba mambo yakawa yale yale, akawa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Siku moja ya mvua mdogo wake alipita kumsalimu. Aliuminya unga uliochoka kati ya vidole, ukashikana. Alitafuta neno, akakunja uso, akalipata.

“Umelowa, dada.”

Mama Shaba akauminya naye, akaelewa. Kumbe unyevu wa hewa ulikuwa umekalia viti vyote juu ya unga, na sumu ilipofika haikupata pa kuketi! Akatandaza mbele ya unga tabaka la punje za kukausha hewa. Sasa saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya nne ikaukuta unga ungali macho.

Ndipo Profesa akakubali wapimane nguvu, kila kichocheo ndani ya mkebe wa kufungwa kwenye kinyago cha kuvaa usoni, katika chumba cha majaribio chenye baridi na hewa ya sumu. Mkebe wa platinamu ulitangulia. Katika baridi ile sumu iliing'ang'ania platinamu kama kupe, oksijeni ikakosa nafasi, na mshale wa kipimo cha sumu haukutikisika. Platinamu ilihitaji joto kali ndipo iamke, na nani angevaa tanuru usoni? Ulipowekwa mkebe wa shaba, mshale ulishuka polepole, kama jani linalotua majini, hadi sifuri. Profesa alisema hiyo huenda ilikuwa bahati.

Siku walipopeleka vinyago kumi vya kwanza katika kituo cha zimamoto, kengele ililia. Bomba la moshi la kiwanda cha mikate lilikuwa limepasuka, na waokaji watatu walikuwa stoo ya chini, hawaitiki. Mdogo wake Mama Shaba alijitwika mtungi wa hewa, akachukua vinyago vitatu.

“Usiende wewe,” Mama Shaba alimwambia.

“Nani mwingine anaijua njia ya usingizi ule?” alijibu, akaondoka na wenzake.

Mama Shaba na Profesa waliwafuata, wakasimama nje ya kiwanda. Dakika zilijivuta kama konokono. Hatimaye ngazini walitokea watu weupe kwa unga wa ngano, mmoja, wa pili, wa tatu, wakipanda taratibu kama waotao ndoto, kila mmoja na kinyago chake. Mdogo wake alitoka mwisho. Akamtazama dada yake, na neno alilolitaka likaja bila kutafutwa.

“Wameitika.”

Mama Shaba alilia bila kujificha. Profesa alivua miwani, akaukubali ukweli mbele ya watu wote: platinamu yake ilikuwa jembe zima, lakini shamba lilikuwa limelimwa na shaba, kiselema, jembe lililochakaa. Ama kweli, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.