Suruali ya Mzee Mkude

"Tundu la mwenzio si pambo lako, Asteria. Weka wembe chini."

"Lakini mama, suruali ya baba imeshachakaa. Nataka kuichana magotini kidogo tu, iwe ya kisasa."

"Umemwuliza?"

"Atakataa."

"Basi umeshajibiwa."

Mdogo wake akacheka, akauliza methali hiyo nimeitoa wapi, maana shuleni hawajaisikia. Kaeni wote wawili. Ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe si mzuri.

Nyuma ya soko palikuwa na fundi cherehani, Bi Zamda, na mwanawe Shaweji. Mama alishona, mtoto alichana. Vijana walimletea Shaweji jinzi nzima, naye akazisugua kwa jiwe, akazikata magotini kwa wembe na kuvuta nyuzi nyeupe zikaning'inia. Ili kazi zisichanganyike, nguo ya kushonwa iliwekwa sakafuni kwenye kikapu, ya kuchanwa ikatundikwa msumarini.

Mzee Mkude alikuwa fundi wa sakafu. Alishinda amepiga magoti juu ya saruji mbichi, akiisawazisha. Jinzi yake ya kazi ilikuwa moja, yenye viraka magotini. Siku hiyo aliileta iongezwe viraka vingine. Bi Zamda alikuwa msibani, Shaweji ametoka kunywa chai. Mzee hakupenda kuacha nguo yake chini. Akaitundika msumarini, akaondoka.

Shaweji aliporudi, akafanya kazi yake.

Asubuhi mzee alipopita kuichukua, aliikuta suruali haina viraka, ina matundu yenye nyuzi. Zege lilikuwa linamngoja. Akaivaa hivyo hivyo.

Saruji mbichi haichomi kama moto. Inakula ngozi taratibu, na mtu huja kustuka jioni. Iliingia kwenye yale matundu ikakaa humo kutwa. Mzee alipovua suruali, ngozi ya magoti ilibaki kwenye kitambaa.

Mkewe ndiye aliyeirudisha kwa Bi Zamda, imekauka kama ubao.

"Viraka hukuviona?" Bi Zamda alimwuliza mwanawe.

"Niliviona. Nikaona vinaiharibu."

"Mtu aweke viraka, kisha alete ukamchanie?"

"Ilikuwa msumarini, mama."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi, usiulize?"

Wakaenda kumwona. Mzee Mkude alikuwa amelala, magoti yamefungwa bandeji. Daktari alikwisha kumwambia kwamba hayatakunjika tena sawasawa.

"Wewe ndiye fundi?" alimwuliza Shaweji.

"Ndiyo, babu. Nisamehe. Nilidhani ni ya mtindo."

"Hukukosea peke yako. Nilipokuwa naenda kazini vijana walinisifu. Wakasema mzee leo umependeza. Nami nikafurahi."

Mkewe akasema sakafu imebaki nusu, na mwenye nyumba anatafuta fundi mwingine leo hii. Mzee akageukia ukutani.

Bi Zamda akamtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti yake, yaliyochungulia katika jinzi aliyoichana mwenyewe. "Tundu la mwenzio si pambo lako," akasema.

"Nitapiga magoti mimi," Shaweji akasema. "Babu atanielekeza akiwa kitini."

"Sijakuomba," alisema mzee, bado ametazama ukuta.

"Najua, babu."

Shaweji alirudi kibandani, akavua jinzi yake, akaikata miguu ipate kutoa viraka. Akaiponda ile saruji iliyoganda kwenye suruali ya mzee, akaifua, akashona viraka vitatu vitatu kila goti. Akaivaa ingali mbichi. Vijana wa sokoni wakamwita, "Shaweji, umefilisika? Viraka tena?" Hakusimama. Aliwajibu kwa neno la mama yake, akaenda kuimalizia ile sakafu.

Sakafu ilikwisha. Magoti hayakupona. Mpaka anakufa, Mzee Mkude alikaa kanisani wenzake walipopiga magoti, na wageni wakamwona ana kiburi.

Sasa mnajua. Tundu la mwenzio si pambo lako.

Asteria akaufunga wembe katika karatasi yake, akairudisha suruali ya baba yake nyuma ya mlango, kisha akaja kuniomba sindano ya kuishonea, baba akikubali.