Nyufa Zilizopakwa Saruji

Kulikuwa na msimamizi mmoja wa ujenzi aliyekabidhiwa daraja la kijiji alichozaliwa. Mafundi walimwaga zege, wakalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, maana zege changa likikauka haraka husinyaa, na likisinyaa huku nondo zimelishika, hupasuka. Magunia yalitakiwa kukaa siku saba. Siku ya pili ikaja habari: mgeni rasmi wa kulizindua daraja atafika keshokutwa.

"Yatoeni," akasema msimamizi. "Tumpokee kwa magunia machafu?"

Upepo mkavu ukavuma mchana kutwa. Kesho yake fundi akamwita.

"Bosi, njoo uone. Limepasuka."

"Ufa gani huo? Unywele tu! Paka uji wa saruji."

"Uji unafunika, bosi. Hauzibi."

"Wewe ni fundi au mhubiri? Paka!"

Akapaka. Mgeni akasifu, akina mama wakapiga vigelegele.

Ndugu zangu, mnadhani msimamizi alipata amani? Kila masika alishuka peke yake chini ya daraja. Mwaka wa kwanza aliona unyevu. Mwaka wa nne, michirizi ya kutu: maji yalishafika kwenye nondo. Juu ya kichwa chake wanafunzi walikuwa wakipita, wanaimba. Amwambie nani, baada ya miaka minne ya kunyamaza?

Mwaka wa tisa, asubuhi moja, mke wake alizidiwa ghafla. Jirani akaleta pikapu. Mto ulikuwa umefurika, hospitali iko ng'ambo. Walipofika darajani, msimamizi akaushika usukani.

"Usipite! Zunguka."

"Kuzunguka ni mwendo wa saa tatu, mzee! Daraja lina nini?"

Mke wake akafumbua macho. "Baba watoto, daraja lina nini?"

"Nitakwambia tukifika."

Wakazunguka. Mama yule hakufika.

Na daraja? Halikuanguka. Asubuhi ileile malori mawili ya mchanga yalipita juu yake salama. Kama lingembeba na yeye, mumewe hatajua kamwe.

Sisi tunaogopa siku ambayo siri zetu zitaanguka mbele za watu. Je, hatuogopi siku ambayo hazitaanguka, ila zitatuzuia njiani, tukiwa na mtu tunayempenda mikononi? Wewe uliyekaa hapo, yuko nani nyumbani ambaye hujamwambia? Usingoje ibada ijayo. Nenda kamwambie leo, angali anakusikia.