Vifaranga Wanane na Tone Moja

Ndugu zangu, mama mmoja aliacha shule darasa la sita, lakini hesabu za uwiano hazikumwacha. Mpe swali la vibarua na siku, atakujibu huku anapepeta mchele. Kwa hiyo bwana mifugo alipoleta chupa ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, kitongojini, watu walisema, "Apewe yeye, hatakosea."

"Tone moja kwa kuku, ndani ya jicho," bwana mifugo alimwambia, akapanda pikipiki akaenda zake.

Mama akaona maelezo yamepungua. Kuku yupi? Akaliweka kama swali la kitabuni: ikiwa tetea wa kilo mbili anahitaji tone moja, jogoo wa kilo nne anahitaji matone mangapi? Mawili. Na kifaranga wa robo kilo? Sehemu moja ya nane ya tone. Akaazima mzani, akapima kuku wa kitongoji kizima. Jogoo wa mwenyekiti akapata matone mawili. La pili likamchuruzika shavuni, likaanguka chini.

Jirani yake, bibi mmoja mjane, alikuwa na vifaranga wanane tu. Wengine walikuwa wameliwa na kicheche, na hao ndio mbegu yake yote. Mama akachukua tone moja, akalitia matone saba ya maji, akawagawia.

"Mwanangu, mbona wangu unawapa maji?"

"Ni wadogo, bibi. Inawatosha."

"Kwani kideri nacho kinapima kilo?"

Mama akacheka. "Hesabu ndivyo inavyosema." Bibi hakusoma, basi akawachukua vifaranga wake akaenda.

Wiki ya tatu kideri kikapita kitongojini. Jogoo wa mwenyekiti hakuugua. Vifaranga wa bibi walikufa saba, na wa nane alibaki na shingo iliyopinda.

Bwana mifugo aliporudi, mama alimpa daftari alimoandika hesabu zake. Alilisoma lote, mstari kwa mstari.

"Umekokotoa vizuri," alisema. "Ila nani alikuambia dawa hii inagawanywa kwa uzito? Jogoo, tone moja. Kifaranga wa siku moja, tone moja. Lile la pili halikumwongezea jogoo kitu."

Mama akalifunga daftari. Je, sisi tungemjibu nini?

Tusimcheke, maana mzani tunao. Mwenye duka akifiwa, tunakesha kwake siku tatu na kwaya inakwenda. Kibarua akifiwa, tunatuma salamu. Mtoto wa mlevi akiomba maombi, tunamwekea mkono huku tunatazama saa. Tukiulizwa, tunasema inamtosha. Kama Mungu naye angetupimia pendo lake kwa kilo, ni nani humu ndani angepata la kutosha?

Kila mmoja wetu anamjua jirani ambaye tumekuwa tukimpelekea maji na kuyaita dawa. Twende kwake leo, angali mzima.