Namba Isiyotikisika

"Waya kuungana si mashine kuelewana." Shangazi Mgeni aliisema huku akiwasengenya mawifi wawili wanaokaa nyumba moja, na mabinti waliokuwa wakimenya vitunguu vya shughuli wakataka kujua imetoka wapi. Akawaambia wasogeze karai karibu, maana chanzo cha methali hii ni hofu ya mtu mmoja, na hofu haisimuliwi kwa mbali.

Mtu huyo alikuwa Sista Namkunda, muuguzi wa wodi ya watoto njiti katika hospitali moja ya wilaya. Kila kitanda kilikuwa na mashine ya kupima oksijeni mwilini mwa mtoto, na namba zote zilipita kwenye waya hadi kompyuta iliyokuwa mezani kwa wauguzi. Kwa hiyo walikuwa na desturi ya kuzima kengele za vitandani ili vichanga vilale. Kompyuta ingelia kwa niaba ya zote.

Asubuhi moja mashine ya kitanda cha dirishani iliharibika. Fundi Shemdoe akaleta nyingine, msaada wa wafadhili wengine kabisa. Akachomeka waya, ukaingia kama uliozaliwa humo. Namkunda akazima kengele, kama kawaida yao.

Mchana, Mwasiti, mama wa mtoto wa kitanda hicho, akaja mezani akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe kalegea. Namkunda akatazama kompyuta. Tisini na saba.

"Kalala tu, mdogo wangu. Mbona yuko vizuri kutushinda sisi?"

Mwasiti hakuondoka. "Sista, nimempa kidole. Hakishiki."

Namkunda akatazama tena, safari hii namba za vitanda vyote. Namba za watoto wengine zilipanda na kushuka, kama ilivyo kwa kitu chenye uhai. Ya kitanda cha dirishani ilikuwa imeganda. Akajaribu kukumbuka ni lini aliiona ikitikisika, asikumbuke. Akajikuta anakimbia.

Mashine ya kitandani ilisema hamsini na nane. Ilikuwa ikiwaka nyekundu bila sauti, kama mtu anayepiga mayowe amezibwa mdomo. Mpira wa oksijeni ulikuwa umechomoka puani, na midomo ya mtoto imekuwa zambarau. Namkunda akamwekea barakoa, akaminya mfuko wa hewa, akaminya, akaminya. Nyuma yake Mwasiti alikuwa akinong'ona jina la mwanawe, wala hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Hata mtoto akakohoa, akatoa kilio chembamba.

Shemdoe akaitwa. Alipochunguza akaeleza kwamba mashine mpya inatuma namba kwa namna yake, kompyuta haikuelewa hata moja, ikabaki inaonyesha ile ya mwisho ya mashine ya zamani. Hata hivyo alikuwa ameushika waya, haamini.

"Lakini mbona umeingia sawasawa, Sista?"

Namkunda alikuwa amekaa sakafuni, hataki kukiacha kitanda.

"Shemdoe, tangu asubuhi nalinda mtoto wa kwenye kioo cha kompyuta, na wa kweli anakufa nyuma ya mgongo wangu. Waya kuungana si mashine kuelewana."