Taa Iliyowaka kwa Ndani Tu

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za bibi zenu, kulikuwa na shule moja huko milimani Rungwe, kwenye nchi ya mvua, migomba na chai. Shule hiyo ilikuwa na basi moja la njano. Basi lilikuwa na taa nyekundu mbele na nyuma, na ubavuni lilikuwa na kibao cha SIMAMA kilichofunguka kama bawa. Likisimama kumshusha mtoto, taa zinawaka, kibao kinafunguka, malori ya ndizi yanasimama, mtoto anavuka. Wazazi wakaona sasa wamepumzika.

Siku moja mwalimu mkuu, mama aliyeitwa Tumpe Mwasandube, akapigiwa simu na kampuni iliyouza basi lile.

"Mwalimu, mabasi yote ya aina hiyo tunayaita yarudi. Maji ya mvua yanaingia kwenye nyaya. Taa za nje zinazimika na kibao hakifunguki, lakini dereva kwenye dashibodi yake anaona taa inawaka kama kawaida. Liegesheni. Foleni ya matengenezo ni ndefu, tutawajulisha zamu yenu."

Nieleweni vizuri hapo, wasikilizaji wangu, maana hapo ndipo penye kidonda. Ndani taa inawaka. Nje taa imekufa. Dereva anaona wekundu, lori halioni kitu.

Mwalimu Tumpe akaita wazazi. Akawaeleza yote, hakuficha neno. Akasema, "Basi naliegesha."

Akasimama Subilaga, mama wa Tusekile, binti wa darasa la kwanza. Mumewe Anyosisye alikuwa mbali, machimboni Chunya. Subilaga akasema, "Mwalimu, ukiliegesha, watoto watatembea. Watatembea barabara ile ile, kwenye ukungu ule ule, na malori yale yale. Umesahau tulivyomtafuta mtoto wa jirani yangu aliyesombwa na kijito? Yule hakuwa na basi. Mimi nasema liendelee."

Wazazi wakapiga makofi.

Akasimama dereva, Mzee Ambakisye. Akasema, "Nitaendesha, ila kwa sharti. Kila kituo mtu mzima atangulie kushuka na bendera nyekundu, asimame barabarani. Bendera isiposhuka, mlango wa watoto haufunguki."

Akasimama Sekela, binti aliyekuwa matroni wa kuwaangalia watoto ndani ya basi, ambaye walimwita anti. Akasema, "Nitashuka mimi."

Mwalimu Tumpe akawatazama. Moyo ulikataa, mdomo ukakubali. "Haya. Liende."

Likaenda. Basi likisimama, Sekela anashuka kwa mlango wa mbele, bendera inapanda, lori linasimama. Dereva anaita, "Tayari?" Sekela anajibu kutoka nje, "Tayari!" na watoto wote nao wanaitikia kwa furaha, "Tayari!" Mlango unafunguka, mtoto anavuka. Jana hivyo, leo hivyo, kesho hivyo. Simu ya kampuni ya kuwaita zamu haikuja. Watu wakazoea.

Sasa sikilizeni.

Alasiri moja mvua ilikuwa kubwa, na ukungu umekaa barabarani kama moshi wa kuni mbichi. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mtoto anatafuna muwa. Kipande kikamkaba. Macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi. Sekela akatupa bendera chini, akamrukia, akamwinamisha, akampiga mgongoni. Hakitoki. Akampiga tena. Hakitoki. Watoto wa nyuma wanalia, wa mbele hawajui kinacholiliwa, mvua inapiga bati, dereva hasikii vizuri ya nyuma.

Basi likafika kituo cha Tusekile. Mzee Ambakisye akasimama, akabonyeza swichi. Ndani taa ikawaka. Nje taa ikafa. Akaita, "Tayari?"

Na watoto wa mbele, kama walivyozoea kila siku, wakaitikia, "Tayari!"

Akafungua mlango.

Lori la ndizi lilikuwa linashuka taratibu. Dereva wake aliitwa Gwamaka. Aliliona basi likitokeza kwenye ukungu: halina taa, halina kibao, halina bendera. Akapiga honi, akapita. Tusekile alitokea mbele ya basi, anakimbia kwao, mkoba kichwani kujikinga mvua. Lori likamgonga.

Gwamaka hakukimbia kama wanavyokimbia wengine kwa kuogopa kupigwa. Alimwokota mtoto, akakimbia naye mikononi hadi zahanati. Alipofika getini alikuwa amembeba maiti.

Na kule nyuma ya basi, kile kipande cha muwa kilikuwa kimetoka. Yule mtoto akavuta pumzi, akalia.

Kesho yake kampuni ikamtuma fundi bila foleni. Alilifungua basi pale pale shuleni, akabadilisha nyaya, akaziba maji yalipopenyea. Maharage ya wafiwa yalikuwa hayajaiva jikoni, yeye amekwisha kumaliza kazi.

Anyosisye akafika kutoka Chunya na vumbi la machimbo bado liko kwenye viatu. Wakaenda makaburini. Jeneza likashushwa, dogo, watu wawili tu walitosha. Ulipofika wakati wa kila mtu kutupa udongo, yule baba akasimama ukingoni, akanyoosha mkono kuwazuia.

"Ngojeni. Mimi sikuwepo, sijui kitu. Lakini aliyemuua mwanangu hatamtupia udongo. Ajitaje mwenyewe. Nitamrudisha na udongo wake mkononi, na hatakanyaga kwangu tena."

Mzee Ambakisye akajitokeza. "Ni mimi, baba Tusekile. Mlango niliufungua mimi."

"Wanasema taa ilikudanganya, mzee."

"Nilikwisha kuambiwa kwamba inadanganya. Nikaiamini hivyo hivyo. Sikugeuza hata shingo."

Sekela akamsogeza pembeni. "Muache mzee, ni mimi. Nilisikia basi linasimama. Nilijua ni kituo cha nani. Ningepiga kelele moja tu, 'Usifungue!' Sauti nilikuwa nayo. Lakini mikononi nilikuwa na mtoto wa mtu anakata roho, nikasahau duniani kuna watoto wengine."

Mama wa yule mtoto wa muwa akaziba uso kwa kanga yake, akakaa chini.

Gwamaka akaja. "Ndugu zangu, lori nililiendesha mimi. Polisi wameniachia, wanasema sina kosa. Lakini mimi lile basi nalifahamu. Kila siku nalikuta na bendera. Siku ile sikuiona, nikajisemea, leo limeharibika, halina watoto. Nilijisemea tu. Ningesimama nikaangalia, ningepungukiwa nini?"

Mwalimu Tumpe akaja, hana viatu, tope hadi magotini. "Ni mimi. Simu nilipigiwa mimi. Ufunguo ulikuwa mezani kwangu. Wazazi walipiga makofi, ndiyo, lakini makofi hayawashi basi. Nilijua, nikakubali."

Mtu mmoja akamnyooshea kidole yule fundi, aliyekuja kuzika pamoja na watu. "Na hawa waliotuuzia je?"

Fundi akasema kwa sauti ya chini, "Tuliwaambia waliegeshe."

Anyosisye akamuuliza, "Na kabla hamjawauzia, hamkujua huku kuna mvua?"

Fundi akainamisha kichwa. Akasema, "Basi na mimi."

Ndipo Subilaga akainuka kwenye mkeka wa wanawake. Walijaribu kumshika, akawaponyoka. Udongo ulikuwa tayari mkononi mwake. Akaja akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Tusekile, mwalimu alitaka kuliegesha. Niliyesimama kumkataza ni mimi. Wenzangu walipiga makofi kwa maneno yangu mimi. Nirudishe mimi."

"Kaa chini, mama Tusekile."

"Sikai. Umesema ajitaje. Nimejitaja."

Yule baba akamwangalia mkewe. Akamwangalia mzee, akamwangalia Sekela, akamwangalia dereva wa lori, akamwangalia mwalimu, akamwangalia fundi. Kila mmoja ana udongo kiganjani. Kila mmoja anasema mimi. Mvua ikaanza tena, udongo ukawa tope, ukawa unawachuruzika kati ya vidole, na hakuna aliyethubutu kuutupa wala kuudondosha. Na mtoto yuko chini pale, kaburi liko wazi, maji yanaingia.

Mimi nimewafikisha hapo, mbele ya hapo siwezi. Semeni nyinyi mliosikia. Je, nani alistahili kurudishwa na udongo wake? Na mkisema wote, mtoto atafukiwa na nani?