Zamu ya Fimbo

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani za fisi kuoa kwa sungura, ni zamani za juzijuzi tu, watu wana simu mifukoni na akili wameziacha nyumbani, palikuwa na kijiji kiitwacho Mbwelera, kwenye mteremko wa mlima. Watu wa Mbwelera walilima tangawizi, na tangawizi yao iliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo mababu walilichimba juu ya kijiji. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, na maji yanateremka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu ya siku hiyo.

Zamu hubadilishwa, zamu huazimwa, lakini zamu haikataliwi. Watu wale walizoea zamu mpaka kila kitu wakakigawa hivyo. Kuchimba kaburi, zamu. Kufagia njia ya zahanati, zamu. Kumlisha mgeni wa kijiji, zamu. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililowaponza.

Siku moja ikaja sheria. Ofisa wa kata alipanda nayo mlima kwa miguu, akaisoma kwenye uwanja wa shule akiwa bado anahema: kuanzia leo mwalimu haruhusiwi kumpiga mwanafunzi, awe amechelewa, awe amekosa hesabu, awe amefanya nini. Wazazi wakamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Wakamuuliza tena. Akaomba maji, akanywa, akateremka.

Waliofurahi ni watoto peke yao. Walimu walinuna, na wazazi wakanuna kuwashinda walimu. Watoto wataota mapembe, wakasema. Sisi tulichapwa na mbona tuko hivi tulivyo, wakasema, wala hakuna aliyegeuka kutazama jinsi walivyo. Basi Mwalimu Mgonja, mkuu wa shule, mtu aliyeogopa barua ya ofisini kuliko chui, akajifungia na ile sheria siku nzima. Alipotoka uso ulikuwa unang'aa. Sheria, akawaeleza wazazi kwenye kikao cha uwanjani, imemtaja mwalimu. Imesema mwalimu asipige. Mzazi haikumtaja popote.

Mzazi gani sasa apige? Wote. Kwa zamu. Kila asubuhi mzazi mmoja atapanda shuleni, atasimama chini ya mlingoti wa bendera na fimbo yake. Mwalimu wa zamu atasoma majina ya wakosaji, mzazi wa zamu atachapa viganja, kisha kila mtu aendelee na shughuli zake. Sheria haijavunjwa, na watoto wamenyooka. Kikao kikapiga makofi. Wanaokubali wainue mikono, akasema mwenyekiti wa kijiji, na mikono ikainuka yote.

Mmoja wa mikono ile ulikuwa wa Nakijwa. Huyu alikuwa mjane mwenye shamba la tangawizi na binti mmoja, Anaeli, wa darasa la saba. Nakijwa hakuipenda ile habari, wala hakuichukia. Alikuwa ameacha maharage jikoni na kikao kilikuwa kimeshakuwa kirefu. Akainua mkono ili kiishe, akaenda zake.

Haya, zamu ya fimbo ikaanza kuzunguka, na mkitaka kuujua ujinga wa watu wazima wapeni fimbo na watoto wa wenzao. Mzazi ambaye mbuzi wa jirani walikula mahindi yake alimchapa mtoto wa yule jirani mpaka fimbo ikachanika. Keshokutwa yake yule jirani akashika zamu, naye akalipa. Mzazi aliyekuwa na haraka alichapa mstari mzima bila kusubiri majina. Na Nakijwa, zamu yake ya kwanza ilipofika, alichapa kama mtu anayepangusa vumbi. Watoto wakacheka. Kufika jioni kijiji kizima kilishajua, na kisimani wanawake wenzake wakamwuliza kama alikwenda shuleni kuchapa au kubembeleza. Nakijwa akacheka nao, ila lile neno lilimkaa kooni.

Sasa basi. Ikaja asubuhi ambayo zamu yake ya maji na zamu yake ya fimbo ziliangukia siku moja. Tangawizi ilikuwa imeanza kugeuka manjano, na ukikosa maji siku yako unangoja mzunguko mzima. Nakijwa akapanga hivi: Anaeli aende alfajiri kwenye mdomo wa ndiva, asimame pale alinde mfereji usigeuzwe na wajanja, kisha akimbie shuleni. Yeye mwenyewe atakuwa shambani na jembe akiyapokea maji. Na zamu ya fimbo ataibadilisha na jirani yake Kajiru.

Kajiru alikuwa mpasua mbao, mtu mpole mwenye mikono minene. Hakuwa na mtoto pale shuleni, lakini kwa kuwa kila nyumba ina zamu, naye alikuwa nayo. Hakutaka. Alisema hajawahi kupiga hata punda, na siku zake alikuwa akiwaazima wengine. Nakijwa akamsihi, akamkumbusha kwamba zamu haikataliwi. Kajiru akakubali kwa shingo upande. Alipokuwa anatoka uani, Nakijwa akamwita.

"Lakini shemeji, uchape kama watu wanavyochapa. Wasije wakasema nimemtuma mtu mlegevu."

Maneno hayo aliyasema akiwa anatafuta jembe, wala hakuyafikiria mara mbili.

Anaeli alilinda mfereji mpaka maji yakapita yote. Kisha akakimbia. Alifika shuleni kengele imeshalia, magoti yake matope matupu. Mwalimu Tabea, mwalimu wa zamu, akalisoma jina lake pamoja na majina ya wengine waliochelewa. Anaeli akasema kwamba alikuwa kwenye ndiva, kwamba leo ni siku ya maji ya kwao, kwamba mama ndiye aliyemtuma. Mwalimu Tabea akajibu kwamba Mbwelera nzima ina mfereji, na kwamba kila mtoto akisikilizwa hapa watafika saa sita. Sogea mbele. Anaeli akasogea, akatoa kiganja cha kulia, cha kuandikia, maana huo ndio uliokuwa utaratibu. Kajiru akafumba macho. Mkono wake haukujua kitu kidogo, siku zote ulikuwa wa magogo. Fimbo ilipokuwa inashuka mtoto akashtuka, akavuta, na badala ya kiganja fimbo ikakuta mfupa wa kifundo cha mkono.

Mlio wake waliusikia mpaka darasa la kwanza.

Nakijwa alikuwa amesimama katikati ya tangawizi, maji yanafika kwenye tuta la mwisho, na moyo wake kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze umetulia. Ndipo akawaona watu wakiteremka njia ya zahanati, Kajiru mbele amebeba mtoto mikononi, mwenyewe analia kwa sauti kama mtu wa msibani. Nakijwa akaliacha jembe. Maji yakaachwa yaende yanakotaka.

Mfupa ulikuwa umevunjika, tena vibaya. Mganga wa zahanati akaufunga mkono plasta kuanzia vidole hadi kiwiko, akasema utapona, lakini polepole, na mtoto asishike kalamu mpaka karibu na mtihani wa kumaliza darasa la saba. Nakijwa akauliza atasomaje bila kuandika. Mganga akasema yeye ni mtu wa mifupa.

Akapelekewa habari ofisa aliyeileta sheria. Huyu naye akaipitia, mstari kwa mstari, akakuna kichwa. Sheria imemkataza mwalimu, akasema, na hapa mwalimu hakupiga. Aliyepiga si mwalimu, wala si mzazi wa mtoto. Atawauliza wakubwa. Aliteremka mlima kwenda kuwauliza, na mpaka leo nadhani anawauliza.

Kwa hiyo kijiji kikakaa chenyewe, kwenye uwanja uleule, kikatoa uamuzi mmoja ambao, niwape haki yao, ulikuwa na akili. Mwenye kosa kubwa kuliko wote atakuwa mkono wa Anaeli. Atakaa naye dawati moja kila siku ya shule, aandike yale ambayo Anaeli atamwambia aandike, ambebee begi, mpaka plasta ifunguliwe. Mashamba yake na shughuli zake zitangoja. Aliyemvunja amwandikie, wakakubaliana, mtoto asije akakosa sekondari kwa ajili ya watu wazima. Kilichobaki ni jambo dogo tu, kumjua ni nani. Hapo ndipo ndimi zilipopata kazi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mwalimu Mgonja. Alisema yeye ndiye mtu pekee pale aliyeisoma sheria hadi mwisho na kuitii. "Mimi sikupiga, sikutaja jina, sikubadilishana zamu na mtu," akasema. "Nilileta wazo, nanyi mkaliinulia mikono. Mngekataa, fimbo ingeoza stoo." Akaketi, akakunja nne.

Mwalimu Tabea akasimama na macho mekundu. Alisema amefundisha miaka mingi kwa fimbo, na sheria ilipokuja aliiweka fimbo chini bila kulazimishwa. Ile ya mlingoti si yake, ni ya wazazi. "Kazi yangu ilikuwa kusoma majina, na jina la Anaeli lilikuwa halali, alichelewa kweli. Nani alimchelewesha? Mniulize mimi au mumuulize aliyemtuma ndiva alfajiri?" Tena, akaongeza, akikaa yeye dawatini kuwa mwanafunzi, darasa zima nani atalifundisha?

Kajiru hakujitetea sana, na hilo liliwaudhi watu, maana walishajiandaa kumzomea. Alisema, "Mimi ndiye niliyepiga. Sikatai, na usingizi sina. Lakini fimbo ile haikuwa yangu, niliazimwa, na niliambiwa nichape kama watu wanavyochapa. Nilitazama wanavyochapa, nikachapa." Kisha akainamisha kichwa, akasema kitu ambacho majirani zake wote walikuwa wakikijua na wote walikuwa wamekisahau. Hakuwahi kusoma. Wakimweka kwenye lile dawati atakaa mpaka plasta iote majani, lakini hawezi kuandika hata jina la mtoto.

Mnaona? Mwenye mkono hana kalamu.

Macho yote yakamgeukia Nakijwa. Alikuwa amekaa chini, Anaeli ameegemea bega lake, na hasira zilikuwa zimempanda. Aliwachukia wote wanne: mkuu na ujanja wake, mwalimu na majina yake, Kajiru na mikono yake, na yule wa nne alikuwa yeye mwenyewe. Alisema yeye hakuwepo. Alisema yeye ndiye mama, ndiye aliyekesha na mtoto, watu wanawezaje kumgeuzia kibao. Alisema shamba lake ndilo linalowalisha yeye na bintiye, akiliacha hadi plasta ifunguliwe tangawizi yote itakauka, na hiyo sekondari wanayoihubiri mtoto ataiendea na sare gani. Yote yalikuwa kweli. Ila alipofika kwenye lile neno alilomwambia Kajiru akitafuta jembe, alilizunguka akapita pembeni, na Kajiru kwa upole wake hakumfuata.

Wakabishana. Jua likasogea, wakabishana. Mmoja akasema wakae wote wanne kwa zamu, na hapo mwenyekiti, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamwambia mtu anyamaze. Alikuwa amechoka kuwasikia. Akasema basi aulizwe mtoto mwenyewe, mkono ni wake.

Anaeli akasimama. Plasta ilikuwa inaning'inia kwenye kanga ya mama yake.

"Ile asubuhi nilisema nilikuwa kwenye ndiva," akasema. "Nilisema kwa sauti. Mwalimu alinisikia, na Baba Kajiru alinisikia. Nyumbani nilimwambia mama kwamba nitachelewa, akasema nikimbie. Na siku ile ya kuinua mikono tulikuwa kwenye dirisha la darasa tunasikiliza, Mwalimu Mkuu akatufukuza." Akaiegemeza plasta kifuani. "Mimi nataka atakayeandika ninachosema."

Akaketi. Hakumtaja mtu.  Mwenyekiti akawaambia wale wanne kwamba yeye hatachagua. Kesho kengele ikilia, anayejijua aende akakae.

Asubuhi ikafika. Anaeli alikuwa dawatini mapema kuliko wote, daftari jipya limefunguliwa mbele yake, kalamu juu yake, na amesogea ukutani kumwachia nafasi anayekuja. Mwalimu Mgonja alikuwa ofisini kwake, anaisoma tena ile sheria. Mwalimu Tabea alikuwa ubaoni, chaki mkononi, anaitazama ile nafasi na kugeuka. Kajiru alikuwa nje chini ya dirisha, anachora vumbini kwa kijiti zile alama alizoziona ubaoni, moja moja, anafuta, anachora tena. Na Nakijwa alikuwa njia panda, huku ndiva, huku shule. Ilikuwa siku yake ya maji. Aliyasikia yakifunguliwa. Kisha akaisikia kengele.

Mimi hadithi yangu nimeiacha hapo, pale njia panda, kwa sababu kila ninapoisimulia watu wananichosha kwa kutaka niwamalizie. Simalizi. Mtoto anangoja, dawati lina nafasi ya mtu mmoja, na leo somo la kwanza ni insha. Sasa semeni ninyi, mmoja mmoja, kwa mdomo, na sababu zenu. Mikono msiniinulie. Mwenye wazo, mwenye majina, mwenye fimbo na mwenye zamu: je, nani alistahili kukaa kando ya Anaeli?