Leso ya Nakijwa

Machozi yasipokauka, chunguza leso. Mmeisikia methali hii leo kwa fundi wenu wa nguo, mkatazamana, kisha mkaja mbio kuuliza leso ina kosa gani. Haya, kaeni. Neno hili lina mwenyewe, na lilianza hivi.

Mjini Mwanga, chini ya milima ya Upare, alikuwako mjane aliyeitwa Nakijwa, mshonaji wa magauni ya harusi. Shanga ndogo kama punje za ulezi alizishona kwa mkono, moja moja, na maharusi walimfuata kutoka mbali. Macho yake ndiyo yaliyomlisha na kumsomeshea mwanawe, Elieza.

Elieza alipooa, Nakijwa hakutaka wageni waione nyumba yake imepungukiwa. Akanunua maboksi ya tishu, zile leso za karatasi, rangi ya waridi, zenye manukato yaliyojaa sebule nzima. Harusi ikapita, lakini mama akawa amezizoea. Boksi moja likahamia kando ya cherehani. Vumbi la kitambaa likimwingia puani, anavuta moja. Jasho likimtiririka usoni, anavuta nyingine.

Haukupita mwezi, macho yakaanza kumwasha. Kope zikavimba, machozi yakawa yanachuruzika bila huzuni, na ngozi ya chini ya pua ikababuka. Akanywa tangawizi akidhani ni mafua. Akatia dawa ya matone. Hapakuwa na nafuu.

Nakijwa hakuwa mtu wa kukubali jambo bila kujua chanzo chake. Akajiuliza: ni nini kipya katika nyumba hii? Jibu lilikuwa jikoni, linakaanga vitunguu. Alikuwa Namsifu, mkamwana wake.

Akaanza kuchunguza. Namsifu alikuwa amekuja na paka. Paka akarudishwa kwao. Macho yakaendelea kuvimba. Namsifu alipaka mafuta ya nywele yenye harufu. Akaombwa aache, akaacha. Vitunguu navyo vikapigwa marufuku. Wapi! Kila jioni Nakijwa alijifuta machozi, na kila asubuhi aliamka macho yamefumba kama ya mtoto wa paka.

Jirani yake, Mama Eliakimu, akamwambia kwenye ua, "Shoga, mimi simtaji mtu. Lakini ulikuwa mzima kabla hajaingia."

Nakijwa alijibu kwamba hayo hayaamini. Hata hivyo yalimkaa. Na siku aliposhona shanga za kifuani upande upande, bibi harusi akalia mbele yake, alimwita Elieza akamwambia atafute chumba kwingine kabla ya mwisho wa mwezi. Namsifu alisikia yote akiwa jikoni. Aliendelea kukoroga uji hadi ukashika chini.

Siku hiyohiyo zikaja habari kwamba dada yake Nakijwa amefariki kule Usangi, milimani. Aliondoka na kanga zake tu. Siku nne alimlilia dada yake mpaka sauti ikamkauka. Siku ya nne, binti mmoja wa ukoo alichanika upindo wa gauni, akaja na sindano. Nakijwa akatunga uzi. Ukapita mara moja.

Akabaki ameishika sindano hewani. Akagusa kope zake: laini, hazina uvimbe. Amelia siku nne, na macho ni mazima!

Njia nzima ya kuteremka mlima alilitafakari jambo hilo. Alipofika nyumbani Namsifu alimpokea mzigo, akampa pole na kumtengea chai. Pole hiyo ikamrudishia uchungu wa dada yake. Akavuta tishu, akajifuta, akavuta nyingine. Baada ya kitambo kidogo kope zikaanza kuwaka moto.

"Namsifu, hebu njoo."

"Abee, mama."

"Nimelia siku nne kule, macho hayakunisumbua. Hapa sijamaliza hata chai hii. Unanieleza nini?"

Namsifu aliinamisha kichwa. "Sina la kueleza, mama. Nguo zetu nimeshazifunga. Elieza amepata chumba." Akageuka aende, kisha akasimama. "Ila ningeomba kuuliza kitu kimoja. Kule msibani ulikuwa unajifuta na nini?"

"Na kanga yangu. Watu wa msibani hujifuta na nini?"

"Na hapa je?"

Nakijwa akatazama mkononi mwake. Ile karatasi ya waridi ilikuwa imelowa, inanukia vizuri.

"Haiwezekani," akasema. "Mbona wewe unatumia na huwashwi?"

"Hata mimi sijui, mama. Lakini si tungejaribu?"

Wakajaribu, wote wawili wakiwa na hamu ya kujua kama watoto waliofukia mbegu. Mkono wa kulia wa Nakijwa wakafunga kipande cha kanga kwenye kiwiko kwa ndani. Wa kushoto wakafunga tishu. Kesho yake jioni walipofungua, kulia palikuwa safi. Kushoto palikuwa pekundu, na vipele vimejaa.

Wakaenda kwa daktari wa ngozi na lile boksi. Akalinusa, akatabasamu. "Karatasi peke yake hainukii hivi, mama. Imetiwa manukato, imetiwa rangi, na nyingine hutiwa dawa zisichanike zikilowa. Wengi haviwadhuru. Mwili wako wewe umevikataa. Tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa vizuri, au karatasi isiyo na harufu wala rangi. Na hizo za chooni na za mezani, ziangalie vilevile."

Walipofika nyumbani, Nakijwa hakungoja hata kuvua viatu. Aliingia chumbani kwa Namsifu, akapiga magoti mbele ya furushi la nguo, akaanza kulifungua fundo kwa vidole vyake mwenyewe.

"Mwanangu, nimekuonea," akasema. "Nimechunguza paka, nimechunguza mafuta, nimekuchunguza wewe. Nilichokishika mkononi sikukitazama. Nisamehe, na msiende popote."

Namsifu alipiga magoti naye, wakafungua fundo pamoja.

Baada ya wiki mbili macho ya Nakijwa yalikuwa meupe kama zamani. Mama Eliakimu akamwita tena kwenye ua, sauti chini: "Shoga, naona umepona. Sasa niambie, alikuwa nani?"

Nakijwa akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamjibu neno ambalo jirani alilipeleka sokoni, soko likalipeleka milimani, hata likawafikia ninyi:

"Machozi yasipokauka, chunguza leso."